Mbona gemu yako ina theluji na wewe ni wa Changamwe?

Nianze na aibu yangu mwenyewe, kisha nikuulize yako.

Baada ya kuacha chuo (karo iligoma mwaka wa pili, hadithi ni ile ile unayoijua), mimi na mabeshte wangu wawili tuliamua kutengeneza gemu ya simu. Mmoja ni wa Likoni, mwingine wa Mshomoroni kule Kisauni, na mimi ni wa Magongo, Changamwe. Laptopu ilikuwa moja, tukiipokezana kama baiskeli ya mtaa. Kazi yangu ilikuwa kuichora dunia yenyewe: miji, milima, majina ya watu, historia ya wafalme.

Nikachora kasri la mawe juu ya mlima wa theluji. Chini yake kijiji cha nyumba zenye paa za mteremko mkali, kila nyumba na bomba lake la moshi. Msitu wa misonobari. Mashujaa wangu nikawapa mapanga ya Kijapani mgongoni, kwa sababu niliona ni poa. Nikajiona nimemaliza kazi.

Mamangu huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Jioni moja alinikuta nimeikodolea macho skrini, akasimama nyuma yangu, akakitazama kijiji changu kwa makini. Akauliza swali moja tu: "Na hawa watu wako, mwanangu, hula nini?"

"Mkate," nikasema.

"Na nini?"

"Na supu."

"Supu ya nini? Ng'ombe wao wako wapi? Kwenye hiyo barafu?"

Nilikosa jibu. Mimi sijawahi kuona theluji. Sijawahi kuingia nyumba yenye bomba la moshi. Mti wa msonobari naujua kwa picha. Nilikuwa nimejenga nchi nzima ambayo singeweza kukuambia watu wake wanaamka wakala nini. Mama akaenda zake kuloweka mbaazi za kesho, nikabaki na kasri langu.

Sasa wewe usicheke sana. Hebu fungua daftari lako, au ile folda ya michoro kwenye simu. Hadithi uliyoanza kuandika, katuni unayochora, gemu unayoota kutengeneza. Shujaa wako anaitwa nani? Kama anaitwa Aldric au Kenji na wewe ni wa Mikindani, basi tukae chini tuzungumze.

Kwanza tuelewane: sisemi kuazima ni dhambi. Gemu za fantasia zote zimejaa vitu vya kuazima. Nenda kibanda chochote cha PS huku bara, muulize mtoto wa miaka kumi kuhusu Kratos. Atakusimulia walivyopigana na miungu ya Ugiriki tangu gemu ya kwanza ya God of War mwaka 2005, na jinsi ilivyohamia kwa miungu ya Skandinavia mwaka 2018. Mtoto huyo hajui mji mkuu wa Norway lakini Thor amjua kama jirani. Walioitengeneza gemu hiyo ni Wamarekani, si Wagiriki wala Wanorway.

Wajapani nao wametengeneza Dark Souls na Elden Ring, gemu zilizojaa makanisa makubwa ya Ulaya na mashujaa waliovaa chuma mwili mzima. Weka picha ya kanisa kuu la Milano kando ya picha ya Anor Londo, ule mji wa miungu ndani ya Dark Souls, utadhani ni ndugu. Kwa hiyo Mjapani achora Ulaya, Mmarekani achora Ugiriki, na hakuna aliyekamatwa.

Tatizo langu lilikuwa jingine. Mimi sikuazima Ulaya. Niliazima kutoka kwa aliyeazima kutoka kwa aliyeazima. Fuata mstari huu. J.R.R. Tolkien alikuwa mwalimu wa chuo Uingereza, msomi wa Kiingereza cha kale na hekaya za kaskazini ya Ulaya. Akavichukua alivyovisoma maisha yake yote, akaandika The Lord of the Rings, iliyotoka kati ya 1954 na 1955. Mwaka 1974 Wamarekani wakatoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliomchota Tolkien na wengine. Mwaka 1981 zikatoka gemu za kompyuta Ultima na Wizardry, zilizolelewa na mchezo ule wa mezani. Mwaka 1986 Wajapani walioipenda Ultima na Wizardry wakatoa Dragon Quest. Halafu nakuja mimi, niko Magongo, stima zimerudi sasa hivi, nachora kasri. Mimi ni wa mwisho kabisa kwenye foleni, na kilichonifikia ni makombo.

Yule wa mwanzo kabisa alijua watu wake wanakula nini. Hiyo ndiyo tofauti.

Angalia wale waliorudi nyumbani kwao kwanza. Wapolandi walichukua vitabu vya mwenzao, Andrzej Sapkowski, vyenye mazimwi ya vinamasi na mizuka ya mashambani ambayo bibi zao waliwatishia nayo utotoni, wakatengeneza The Witcher. Ile ya tatu ya 2015 ilichezwa dunia nzima. Wachina mwaka 2024 wakatoa Black Myth: Wukong, hadithi ya mfalme nyani ambayo kila mtoto wa Kichina huisikia kabla hajajua kusoma. Ndani ya siku tatu walikuwa wameuza nakala milioni 10. Hakuna aliyewaambia, "Punguzeni Uchina kidogo, watu hawataelewa." Watu walielewa.

Na kama husemi mwenyewe, wengine watakusemea. Wachezaji wa Genshin Impact mwanielewa. Gemu hiyo ya kampuni ya Uchina, iliyotoka 2020, ina nchi yenye sura ya Ujerumani, nchi yenye sura ya Uchina, nchi yenye sura ya Japani, na nchi yenye sura ya Ufaransa. Kila mmoja na nyumba yake. Walipofika kwetu, mwaka 2024, wakaleta nchi moja iitwayo Natlan, na ndani yake wakatia Afrika, Amerika ya Kusini na visiwa vya Pasifiki pamoja, kama abiria wa matatu ya mwisho usiku. Majina yametolewa kwa Wayoruba, Wamaya, Wamaori, lakini wahusika wengi wana ngozi nyeupe kama karatasi. Watu wakalalamika sana mitandaoni, nami nikiwemo. Lakini baada ya kulalamika nikajiuliza: na mimi mwenyewe, kijijini kwangu kwenye theluji, niliweka mtu mmoja mweusi? Sikuweka hata mmoja. Basi nilikuwa nawadai Wachina kitu ambacho mimi sijakifanya.

Sasa njoo nikuchekeshe. Wajua kwamba Mombasa imo kwenye moja ya gemu zilizouza sana duniani? Si fantasia ya mapanga, ni ya mambo ya angani, lakini sikiza. Halo 2, ya Wamarekani, ilitoka 2004. Humo mwaka ni 2552, na Mombasa imekuwa jiji kubwa lenye lifti ya kupanda mpaka angani. Halo 3 ya 2007 ina misheni iitwayo Tsavo Highway. Halafu 2009 wakatoa Halo 3: ODST, ambayo karibu yote yachezwa ndani ya New Mombasa. Misheni zake zaitwa Tayari Plaza, Kizingo Boulevard, Kikowani Station. Walahi nilipoona "Kikowani" kwenye skrini niliisimamisha gemu nikatoka nje kuvuta pumzi.

Mtu aliyekaa Marekani alifungua ramani yetu, akaona jina Kikowani, akaona ni tamu, akalitumia. Mimi nililolipita jina hilo kwenye matatu maisha yangu yote sikuwahi kuliona. Nililihesabu ni jina la kituo tu.

Na ewe mtu wa bara, umegundua kitu? Kizingo, Kikowani, Mwembe Tayari: zote ni kisiwani! Niliitafuta Changamwe yangu nikachoka. Tena katika Halo 2 waingia mjini kwa kuvuka daraja refu ukiendesha kifaru cha vita. Beshte wangu wa Likoni alipoona hilo daraja alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani mwaka 2552 kuna lifti ya kwenda angani," akasema, "lakini wa Likoni sijui kama tumetoka kwenye feri."

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza kwa kweli. Kwa sababu ukiitazama vizuri, hii pwani yetu haihitaji kuchanganywa na Asia na Ulaya. Ilishachanganywa kitambo, na kwa njia ambayo mtunzi wa gemu hawezi kuiota.

Chukua ngome. Ulikuwa wataka kasri? Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Walioagiza ni Wareno, aliyechora ramani ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano, mji ule ule wenye kanisa nililokutajia. Umbo lake lilipangwa kwa kufuata mwili wa binadamu. Mawe ni ya matumbawe ya hapa hapa. Waomani walipoichukua wakajenga yao ndani yake. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela mpaka 1958. Na neno lenyewe "gereza" wataalamu wa lugha wasema latokana na neno la Kireno la kanisa. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela, na neno likabaki mdomoni mwa mamangu anayemwambia ndugu yangu, "Utaishia gerezani wewe."

Wataka vita? Machi 1696 Waomani waliizingira ngome hiyo, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu, watu wamo ndani, njaa na maradhi vyawamaliza. Meli ya Kireno iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama 1697 mbele ya ngome, na mpaka leo mabaki yake yamo humo majini.

Wataka hadithi ya kabla ya hapo? Mwaka 1589 Mombasa ilijikuta imebanwa pande mbili. Baharini kuna manowari za Wareno kutoka Goa, India. Mjini kuna nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, aliyekuja kuwapinga Wareno. Na ng'ambo, huku bara kwetu, wamepiga kambi Wazimba, jeshi lililotoka mbali kusini, ambalo Wareno waliandika kwamba lilikula watu. Wanahistoria wengi leo wana shaka na hilo la kula watu, lakini hofu iliyokuwa mjini haina shaka. Ulaya, Asia na Afrika, wiki hizo hizo, kwenye kisiwa ambacho wakivuka kwa boda dakika chache tu. Na mimi nilikuwa nahangaika na misonobari.

Wataka makundi hasimu, kila moja na bendera yake? Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, yamegawanyika Tisa na Tatu. Yale matatu ni Wakilindini, Watangana, na, shikilia kiti, Wachangamwe. Jina la mtaa wangu, ambalo makanga hulipiga kelele pale stendi, ni jina la taifa. Nimeishi humo miaka ishirini na kitu nikidhani ni jina la raundabauti.

Na wa Kisauni usijione umeachwa. Ukishuka Kengeleni, hiyo kengele ni ya kweli. Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 na wamishonari wa Kiingereza iwe makao ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele ililizwa kuwaonya watu wakati wa hatari. Kati ya walioishi hapo walikuwemo walioitwa Waafrika wa Bombay: Waafrika waliotekwa wadogo, wakakombolewa baharini, wakalelewa na kusomeshwa India, kisha wakarudishwa Afrika watu wazima. Hebu fikiri. Mtu mweusi, aliyekulia India, mwenye jina la Kiingereza, anashuka Kisauni asiijue lugha ya watu wanaofanana naye. Niambie gemu gani ina mhusika wa namna hiyo. Mimi sijaiona.

Hata kwenye michezo yenyewe tulishafanya kazi hii kabla hatujazaliwa. Pita barazani jioni usikize wazee wakicheza karata: kopa, shupaza, uru, pau. Majina hayo ni ya Kireno yaliyolainishwa na ndimi zetu. Kando yao vijana wacheza keram, iliyotoka Bara Hindi. Mezani kuna kahawa chungu na kashata. Hakuna mzee atakayekuambia anacheza "mchezo wa kigeni". Waliuchukua, wakautia matusi yao, ubishi wao na utani wao, ukawa wao. Hivyo ndivyo watu wanaojijua huazima.

Najua utakachosema, kwa sababu beshte wangu wa Likoni alikisema kabla yako. "Nani atacheza gemu ya feri na viazi karai? Watu wataka madragoni. Tutaomoka na nini?" Ni swali la haki. Sisi hatuna pesa za kufanya makosa mara mbili.

Nilimjibu kwa mfano mmoja. Aprili 2024 ilitoka gemu iitwayo Tales of Kenzera: Zau. Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji Muingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetia sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alifiwa na babake, na maombolezo hayo akayafanya gemu: kijana mganga anafanya mapatano na mungu wa mauti ili amrudishe babake. Dunia yake imejengwa kwa hekaya za Wabantu. Na waweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Mara ya kwanza niliposikia mhusika wa gemu akisema Kiswahili ambacho si cha mzaha, sikuwa na la kusema kwa muda. Gemu hiyo haikuwa tajiri kama za wakubwa. Lakini huwezi kuichanganya na nyingine yoyote.

Hatuwezi kuwashinda Wajapani kwa makasri. Wana pesa, wana miaka arobaini ya kufanya mazoezi, na wana wachoraji mia kwa kila mmoja wetu. Kasri langu la theluji lingekuwa la elfu moja na mia kwenye duka la simu, na baya kuliko mengi. Likoni hana mtu mwingine wa kuichora ila yule anayesukumwana kwenye feri saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini nikuonye na upande wa pili, kwa sababu huko nako tulikwenda. Baada ya mama kuniaibisha nilikimbilia "Uafrika": nikamvisha shujaa shuka la Kimaasai, nikampa mkuki na ngoma. Beshte wa Mshomoroni, mamake ni Mgiriama, akaniuliza, "Huyu ni wa wapi?" Sikujua tena! Nilikuwa nimetoka kwenye postikadi moja nikaingia nyingine. Nikataka kuitia kaya ndani ya gemu, ule msitu mtakatifu, iwe hatua ya kupigana na majini. Beshte akanikatalia. Akasema hapo wamezikwa watu, hapo huombewa mvua, na kama nataka kuitumia niende kwanza nikae na wazee niulize kipi chachezewa na kipi hakichezewi. Ana haki. Wale wa Natlan tuliwalaumu kwa kuchukua bila kuuliza. Na mimi wa mjini naweza kumfanyia Mmijikenda yale yale.

Kwa hiyo tulianza upya. Mji wa kwanza kwenye gemu yetu sasa uko ng'ambo ya maji na wavuka kwa chombo ambacho hakifiki kwa wakati. Kuna ngome ambayo kila mwenye nguvu huiteka na hakuna anayekaa. Kuna mataifa kumi na mawili yanayogombana na kuoana. Kuna dada wa buibui, mrembo, ambaye ukitazama miguu yake waona kwato, maana wewe pia ulisimuliwa huyo ukiwa mdogo, usinidanganye. Kuna msichana aliyekulia ng'ambo ya bahari ambaye amerudi na hajui lugha ya nyumbani. Huyo ndiye tunayemchezesha.

Haijaisha. Pesa ya bando yatushinda wiki nyingine, na laptopu herufi moja imekufa. Sikuahidi kwamba utaiona dukani mwakani.

Wewe usingoje yetu. Kuitembea Mji wa Kale ni bure, kupanda feri kwa miguu ni bure, kumuuliza bibi yako jina la mtaa lilitoka wapi ni bure. Chukua daftari. Waazime Wajapani jinsi ya kupanga pambano, waazime Wapolandi jinsi ya kumtisha mtu kwa zimwi la kijijini. Nyumba iwe yako.

Wiki jana nilimwonyesha mama mji mpya. Nimeuchorea hata meza ya kuuzia mahamri kando ya njia. Akautazama muda mrefu.

"Mbaazi zako hazina nazi," akasema. "Zitazame, ni za maji matupu. Tengeneza."

Nimetengeneza. Sasa nambie wewe: watu wa dunia yako hula nini?